Kupanda miamba ya Saanane na kurudi siku hiyo hiyo: mwongozo kamili

Kila baada ya sikukuu napokea ujumbe wa aina moja. Watu wamevuka kwenda kisiwa cha Saanane, hapa Mwanza kwenye Ziwa Victoria, wamepanda mpaka nusu, kisha kichwa kikaanza kugonga, au soli ikateleza, au mtoto akagoma, wakageuza. Swali linalofuata nalijua hata kabla sijalisoma: "Kaka, si mlisema ni rahisi?"

Ni rahisi. Mama yangu, miaka sitini na ushee, amefika juu, kanga kiunoni, huku akituuliza tunachelewa nini. Mwamba wenyewe hauna neno. Wanaorudi njiani huwa wameshaharibikiwa kabla ya kuugusa: saa waliyotoka nyumbani, viatu walivyovaa, maji waliyoyasahau kwenye gari.

Habari za kisiwa kilivyokuwa bustani ya wanyama na kikaja kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013 atakusimulia mwongozaji, tena vizuri kuliko mimi. Hapa tunashughulika na jambo moja, kufika juu na kushuka ukiwa mzima.

## Vitu vya kuandaa

Andaa jana yake usiku. Asubuhi ya safari huwa na mambo mengi, na kitu kinachosahaulika huwa ndicho kitakachohitajika.

- Maji lita moja na nusu kwa mtu mzima. Mtoto wa shule ya msingi, lita moja. Usitegemee ziwa, maji yale hayanyweki bila kuchemshwa au kutibiwa.
- Viatu vya kufunga vyenye soli laini ya mpira. Hili lina hatua yake hapo chini, kwa sababu ndilo linaloangusha wengi.
- Kofia yenye ukingo mpana. Kapelo inaacha masikio na shingo. Mwanamke mwenye kanga au mtandio ameshamaliza.
- Shati la mikono mirefu, jepesi. Mafuta ya kujikinga na jua kama unayo, hasa kwa mtoto mwenye ualbino au mwenye ngozi inayoungua upesi.
- Kitambulisho. NIDA, au kingine kinachoonyesha uraia wako.
- Chakula kikavu. Mimi hubeba matobolwa na karanga. Viazi vilivyochemshwa na kuanikwa havivuji, havichachi, havipondeki kwenye begi, na kipande kimoja kinakushikilia saa nzima. Chipsi mayai iache mjini.
- Begi la mgongoni. Mikono yote miwili lazima ibaki huru. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, na hifadhini ndiyo kabisa.
- Bendeji ya kufunga, plasta chache, na dawa zako za kawaida kama unatumia za presha, sukari au pumu.
- Simu yenye chaji.

Pafyumu usijipulizie siku hiyo. Nyufa za miamba hukaa nyuki, na sina haja ya kueleza zaidi.

## Hatua ya 1: Chagua siku, kisha chagua saa

Siku kwanza. Kuanzia Juni mpaka Septemba mapema mvua ni chache na mwamba ni mkavu, kwa hiyo ndiyo miezi salama kuliko yote. Kasoro yake ni hewa: vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa hufanya upande wa pili wa ghuba uonekane kama umefunikwa chandarua. Hewa safi kuliko zote huja siku moja baada ya mvua nzuri. Ukiwa Mwanza kwa muda mrefu, subiri siku ya namna hiyo, mwamba ukishakauka. Ukiwa na siku mbili tu, njoo kiangazi.

Siku za sikukuu na Jumapili ziepuke kama unaweza. Watu hujaa, foleni ya boti huwa ndefu, na wewe uliyepanga kuanza saa 3 unajikuta unaanza saa 5 na nusu. Hapo safari imeshaharibika, hujui tu.

Sasa saa. Panga mguu wako uanze kupanda saa 3 asubuhi, uwe juu saa 4, na uwe umeshashuka kivulini kabla ya saa 6. Sababu yake wageni wengi hawaifahamu, hasa ndugu zetu wa Dar.

Jua la Mwanza huchelewa. Tuko magharibi zaidi, lakini tunatumia saa ile ile ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua linalokuwa utosini kule, huku linafika dakika 25 baadaye. Kutegemea mwezi, kilele cha jua letu ni kati ya saa 6 na nusu na saa 7 mchana. Mtu wa Dar anaangalia saa, anaona saa 7 kasoro, anajiambia makali yameshapita, anaanza kupanda. Kumbe ndiyo kwanza yanafika. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua linapita juu ya kichwa chako hasa, na kivuli chako unakikanyaga mwenyewe.

Halafu kuna mwinuko. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ukiwa umesimama gatini umeshapanda zaidi ya kilomita moja kutoka Kigamboni bila kunyanyua mguu. Miale inayounguza ngozi huku ina nguvu zaidi kidogo kuliko ya pwani, ingawa joto ni dogo.

La tatu ndilo linalodanganya watu wazima na akili zao: upepo wa ziwa. Mchana upepo huvuma kutoka majini kuja nchi kavu. Unakausha jasho kabla hujaliona. Ngozi inasikia baridi tamu, mdomo hauna kiu kali, na maji yanakutoka mwilini kimyakimya. Mwamba wa granaiti chini ya miguu nao unarudisha joto juu kama kikaango. Mtu anakuja kushtuka kichwa kinapogonga.

Utajua umefaulu hatua hii ukiwa na saa ya kuanza, saa ya kugeuza hata kama hujafika juu, na siku ya akiba mvua ikinyesha.

## Hatua ya 2: Malipo na kitambulisho

Ofisi ya hifadhi iko Capri Point, upande wa bara, na boti ya kuvukia huondokea hapo. Usije na bunda la noti ukidhani utalipia mlangoni. Hifadhi za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hazipokei fedha taslimu. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa kwa simu au benki, au unatumia kadi. Piga simu ofisini au pitia siku moja kabla, uulize viingilio vya siku hizo, gharama ya boti, gharama ya mwongozaji, na boti ya mwisho ya kurudi ni saa ngapi.

Swali la mwisho ndilo la muhimu na ndilo lisiloulizwa.

Kiingilio cha raia na cha mgeni havifanani hata kidogo. Ukisahau kitambulisho, mabishano utakayoyafanya pale dirishani yatakula saa nzima ya asubuhi ile tuliyoihesabu kwa dakika. Nimewahi kusimama nyuma ya familia ya watu saba ikimtafuta shemeji nyumbani apige picha kitambulisho na kukituma, na bando la shemeji limeisha.

## Hatua ya 3: Jaribu viatu ukiwa bado nyumbani

Granaiti kavu inashika vizuri sana. Ni chembechembe ngumu zilizosimama kama msasa, na mpira laini unazama kidogo kati yake. Mpira mgumu hauzami, unakaa juu juu. Ndiyo maana mtu mwenye raba ya bei ya mnadani anapanda bila wasiwasi wakati mwenye kiatu cha ngozi cha laki mbili anatambaa.

Fanya hivi. Geuza kiatu, bonyeza soli kwa ukucha wa dole gumba kwa nguvu. Ukucha ukiacha alama inayopotea polepole, mpira ni laini. Ukiteleza kama juu ya kigae, kiatu hicho ni cha harusi. Kisha tafuta mteremko wa saruji, kwa mfano pale gari linapopandia kwenye geti, umwagie maji, usimame ukielekea chini, upinde magoti kidogo. Mguu ukikaa, nenda nacho. Ukikimbia, kiache.

Ndala hapana. Yeboyebo hapana, hata kama ndizo unazovaa kila siku. Mguu ukitoka jasho unazunguka ndani ya kiatu. Sandali za kimasai zina soli nzuri ya tairi lakini hazishiki kisigino, na wakati wa kushuka vidole vyote vinakimbilia mbele.

Kata kucha za miguu. Utanikumbuka wakati wa kushuka.

## Hatua ya 4: Kuvuka

Kutoka katikati ya mji mpaka Capri Point ni mwendo mfupi wa bodaboda au bajaji. Patana bei kabla hujapanda. Unaweza pia kutembea kwa mguu kama una muda. Mgeni aliyeshukia stendi ya Nyegezi au Nyamhongolo aingie kwanza mjini kwa daladala, apate chai, aelekee huko.

Vaa jaketi okozi na ufunge vishikizo vyote, pamoja na mkanda wa chini. Jaketi lililoachwa wazi linakupanda usoni ukitumbukia, nawe unahangaika nalo badala ya kuelea. La mtoto liwe saizi ya mtoto. Likiwa kubwa omba lingine, wala usione aibu kuichelewesha boti.

Safari yenyewe ni ya dakika chache tu. Asubuhi maji huwa yametulia. Ukikuta magugu maji yamesogea gatini, boti itatembea taratibu ili pangaboi isizongwe; mwache nahodha na kazi yake. Mikono isininginie nje.

## Hatua ya 5: Nusu saa ya kwanza kisiwani

Kunywa glasi moja ya maji kabla hujaanza. Hapa hapa, ukiwa hujasikia kiu.

Msalimie mwongozaji kama mtu, si kama mlinzi wa geti. Kama ni mtu mzima, shikamoo inatosha; ukijua "mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, njia itakuwa fupi zaidi, maana utaonyeshwa vitu ambavyo wengine hupitishwa tu. Kisha mwambie ukweli kuhusu kundi lako: nani ana goti bovu, nani mjamzito, nani anaogopa urefu, nani ana pumu. Yeye ndiye anayejua upande gani wa kupandia leo.

Hifadhi nzima ni kilomita za mraba 2.18, na sehemu kubwa ya hizo ni maji, kwa hiyo nchi kavu ni ndogo. Hakuna haja ya kukimbia. Mwanzoni unapita kati ya vichaka na majabali, na wanyama wako karibu: swala pala, tumbili, pimbi walioota jua juu ya mawe. Mjusi mwenye kichwa chekundu na mwili wa bluu anayepiga pushapu juu ya jiwe ni dume. Wataalamu wamempa jina la mji wetu, Agama mwanzae.

Tahadhari mbili. Usiwape tumbili chakula, na usifungue begi lako mbele yao. Safari moja nililaza kifuko cha matobolwa jiweni nifunge kamba ya kiatu. Kamba sikumaliza kuifunga. Jamaa alikaa hatua nne kutoka nilipo, akawa anavunja kimoja kimoja, ananusa, anakula, ananiangalia. Mwongozaji akaniambia, "Huyo sasa kila mwenye begi jeusi ni wewe."

Ya pili: kaa mbali na ukingo wa maji. Mamba wapo. Na hata pasipo mamba kuna kichocho. Vijidudu vyake huishi kwenye konokono wa maji ya pembeni na huingia mwilini kupitia ngozi, kwa hiyo kuosha tu miguu kunatosha kukupa ugonjwa.

## Hatua ya 6: Kupanda

Hapa ndipo penye mambo. Soma polepole.

Kanyaga mguu mzima. Silika ya mtu akiona mteremko ni kupanda kwa ncha za vidole. Kwenye udongo ni sawa. Kwenye mwamba mtupu unakuwa umepunguza mpira unaogusa jiwe. Weka soli yote chini, kisigino kiguse, hatua iwe fupi. Kama kisigino hakifiki, mteremko ni mkali mno. Panda kwa kukata mshazari.

Simama wima. Ukiogopa utataka kuinama na kushika mwamba. Ukiinama, uzito unasogea, miguu inasukuma jiwe kwa nyuma badala ya kulikandamiza, na inateleza. Mtu anayeonekana kama haogopi ndiye anayeshikwa na jiwe.

Soma rangi ya jiwe. Kijivu na hudhurungi yenye chembe ni salama. Michirizi myeusi inayoshuka kama machozi ni njia za maji ya mvua, imeota ukungu na vijimea vidogo. Ikikauka haina shida, ikilowa ni sabuni. Madoa meupe chini ya nyufa ni mikojo ya pimbi iliyoganda miaka mingi, na karibu yake huwa kuna vinyesi vyao, vigumu, mviringo, vinavyobiringika chini ya kiatu kama gololi.

Sikiliza jiwe. Granaiti hubanduka tabaka kwa tabaka, kama kitunguu. Kuna mabamba yaliyoachana na mwamba mama lakini bado yamelala mahali pake. Gonga kwa kisigino: likilia zito, endelea, likilia kama chungu kitupu, usisimame ukingoni mwake, wala watu wawili wasilikanyage pamoja.

Usitie mkono mahali ambapo macho hayajafika. Nyoka, nyuki, pimbi mwenye hasira. Angalia kwanza, ndipo ushike.

Nafasi. Mtu na mtu waachane hatua tatu au nne. Mtoto atangulie, mtu mzima anayemwangalia awe chini yake kidogo upande mmoja, si nyuma kabisa, ili mtoto akiteleza adakwe bila kumwangusha anayemdaka.

Kila dakika kumi na tano simama, kunywa mafunda matatu manne. Usingoje kiu. Mkiweza kuongea huku mnapanda, mwendo ni sahihi. Mazungumzo yakikatika, punguzeni.

Saa ya kugeuza ikifika, geuza. Haijalishi juu pamebaki pafupi kiasi gani. Wanaonipa taabu zaidi ni wale wa "dakika kumi tu zimebaki". Dakika kumi za kupanda wakati jua liko utosini zina ishirini za kushuka ndani yake, na hizo ndizo zinazovunja watu.

### Ukisikia ngurumo

Shuka. Usihesabu sekunde, usisubiri tone la kwanza. Bonde la Ziwa Victoria lina radi nyingi sana, na wewe uko juu ya jiwe tupu lililozungukwa na maji. Usijifiche chini ya mti uliosimama peke yake wala kwenye tundu la mwamba. Nenda chini kabisa, mwongozaji atawapeleka penye jengo. Kati ya Oktoba na Mei angalia anga kila mnaposimama kunywa maji.

## Hatua ya 7: Juu

Kaa chini kwanza. Watu hufika wakiwa na furaha, wanatoa simu, wanarudi kinyumenyume wapate kuingia wote kwenye picha. Mpiga picha asitembee akiwa anaangalia kioo cha simu. Ndivyo hivyo tu, sitarudia.

Utajua umefika mahali penyewe ukiweza kuona haya kwa kugeuza shingo: Capri Point na nyumba zake pembezoni mwa maji, nyuma yake mji, na nyumba zilizobanana kati ya majabali mpaka unashindwa kusema jiwe linaishia wapi na ukuta unaanzia wapi, jengo kubwa la Hospitali ya Bugando juu ya kilima chake, na upande wa pili ghuba ikifunguka kuelekea Sengerema, na mitumbwi ya wavuvi midogo kama maganda ya karanga. Ukiona moshi mweusi umesimama juu ya maji bila moto wowote, ni wadudu wa ziwani, mamilioni yao. Hawaumi. Funga tu mdomo wakisogea.

Picha. Mji uko kaskazini mashariki ya kisiwa, kwa hiyo asubuhi jua liko nyuma yake na utapata mji mweusi, anga jeupe. Asubuhi piga upande wa ghuba, ndiyo yenye mwanga. Picha ya mji ipige ukiwa kwenye boti mchana ukirudi. Jua likishavuka, zile nyumba na yale mawe yanang'aa vizuri.

Wengi huniuliza kuhusu machweo. Jua letu huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika chache za jioni. Huo si wakati wa kuwa juu ya mwamba kisiwani. Machweo yaangalie upande wa bara, ukipita Jiwe la Bismarck karibu na kivuko cha Kamanga, na muhogo wako wa kuchoma mkononi.

Kula kidogo, kunywa, funga upya kamba za viatu. Kaza pale juu karibu na kifundo ili mguu usikimbilie mbele. Nusu saa inatosha.

## Hatua ya 8: Kushuka

Karibu kila aliyeniandikia kwamba ameanguka, alianguka akishuka. Miguu imechoka, macho yanaangalia mandhari, na kichwani mtu ameshamaliza safari.

Pinda magoti, yabaki yamepinda. Hatua fupi, nusu ya zile za kupandia. Elekeza vidole vya miguu chini ya mteremko, siyo pembeni, na uzito ukae juu ya miguu yako. Kosa la kawaida ni kujirudisha nyuma kama mtu anayetaka kukaa. Ukifanya hivyo visigino vinachomoka na unashuka kwa makalio. Penye mwinuko mkali kaa kweli, shuka kwa kukaa, mikono nyuma ya nyonga. Suruali itachanika pengine. Mama yangu alishuka sehemu mbili hivyo, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Fuata njia mliyopandia hata kama kuna nyingine inaonekana fupi. Mwamba wa mviringo haukuonyeshi mwisho wake ukiwa juu. Unaona mteremko mpole, kumbe baada ya hatua kumi unakatika wima.

Mtu akiteguka kifundo, kaeni hapo hapo. Msivue kiatu haraka, maana mguu ukishavimba hakirudi. Fungeni bendeji juu ya kifundo, inueni mguu, na mwongozaji aite msaada. Akiumwa kichwa, akichefukwa na kuacha kutoa jasho, mpelekeni kivulini, mloweshe kanga maji mmfunike shingo na kichwa, apepewe, anyweshwe mafunda madogo madogo. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka au akakataa kunywa, hilo ni la hospitali sasa hivi, na boti iitwe bila mjadala.

Umefaulu ukifika chini na maji kidogo yamebaki kwenye chupa. Chupa ikiisha juu, safari ijayo ongeza nusu lita.

## Hatua ya 9: Mchana na kurudi

Kaeni kivulini, mle, mlale kidogo. Hii ndiyo saa ya kutazama ndege. Furukombe ukimsikia akilia utageuka tu.

Mchana upepo huongezeka na mawimbi huinuka. Kwa hiyo rudini na boti ya mapema kidogo kuliko ile ya mwisho. Boti ya mwisho ina watu wote wanaoogopa kuachwa, na ikipata hitilafu hakuna nyingine nyuma yake. Jaketi okozi lifungwe upya. Wengi huvaa vizuri kwenda na kulitupia begani kurudi.

Hesabu watu wako gatini, na takataka zenu mrudi nazo zote, mpaka maganda ya karanga. Na usiku huo kabla ya kulala kunywa maji tena kama nusu lita. Kichwa cha kesho yake, kile ambacho watu humsingizia sato wa jioni, mara nyingi ni kiu ya jana.

Ukiwa umefuata hatua zote na bado ukageuzia njiani, niandikie saa mliyoanza kupanda na aina ya kiatu. Nitaanzia hapo.